Bango la Sabuni Lililofunika Ndizi

Vijana wa nyundo na mkasi wa bati, na nyinyi wengine mnaopita hapa kwangu mkiniuliza, "Babu, siku hizi unafanya nini?", nawajibu wote kwa mpigo: siku hizi nakaa. Magoti yalistaafu kabla yangu. Ila mdomo bado uko kazini, na leo nataka utumike kuwaeleza habari ya bati moja lililoezeka nyumba nzima. Nikitia chumvi mtaionja wenyewe. Mimi huwa natia kwa kipimo, kwa kila kilo ya ukweli kijiko kimoja, na kijiko chenyewe nilikitengeneza mimi kwa hiyo siwezi kusema ni kidogo.

Nilikuwa fundi makopo Kasulu mjini. Koroboi, funeli, keni za kumwagilia bustani, na zaidi ya yote masanduku ya bati ya wanafunzi wa bweni. Enzi zangu hakuna mwanafunzi aliyeingia bwenini, kuanzia Kasulu hadi Kibondo, bila sanduku langu, na kama yupo aliyeingia bila, nguo zake ziliibwa. Shule yenyewe niliisoma ukubwani, masomo ya jioni, nina ndevu, mbele yangu koroboi ya kazi ya mikono yangu. Ilitoa moshi mpaka mwalimu akatuuliza kama tumekuja kusoma au kukausha samaki. Darasa la saba nilimaliza wa kwanza. Tulikuwa wanne, lakini hilo si kosa langu.

Ufundi nilifundishwa na Mzee Bukuru. Alivuka kutoka Burundi zamani, miaka ya sabini, akiwa na nyundo moja na mke mmoja, na alipenda kusema kwamba vyote viwili bado vinampiga. Mwezi wa kwanza hakuniruhusu kushika mkasi. Alinikalisha nigonge makopo kwa ukucha na kusikiliza. "Bati lina uso na mgongo, kama mtu," alikuwa akisema. "Usilipige kabla hujajua lipi linakutazama." Mimi nikawa na haraka. Sanduku langu la kwanza nililitengeneza kwa siri, na kifuniko kikabana vizuri mno. Mwanafunzi alifika nalo shuleni likakataa kufunguka, ikabidi niende kwa baiskeli kulifungua, na bweni zima limesimama kunitazama. Mzee Bukuru aliposikia alisema tu, "Hakuna mwizi atakayeliweza." Nikaligeuza hilo kuwa sifa ya biashara mpaka nilipostaafu.

Sasa, miaka ile ya tisini katikati, wakimbizi walipoingia kwa wingi, makopo ya mafuta ya kula ya msaada yalikuwa mengi kuliko mawe. Sisi mafundi tulinenepa. Lakini kopo la mafuta ni jembamba, halifai kitako cha sanduku. Kwa kitako unahitaji bati zito. Kwa hiyo kila kiangazi nilizunguka vijijini kununua mabati chakavu, na ndivyo nilivyofika Titye, kwa Bi Sabina.

Bi Sabina alikuwa mjane wa makamo ya mama yangu, mkulima wa migomba na mpishi wa pombe ya ndizi ambayo watu waliifuata kutoka vijiji vya mbali kwa miguu na kurudi kwa kubebwa. Nilimkuta uani. Mnajua salamu ya Waha si ya kukimbia nayo. Unainama, unapiga makofi taratibu, unauliza mwidiwe, unaulizwa mwidiwe, unauliza watoto, shamba, mbuzi, jirani, na kila ukijibiwa unainama tena. Na mimi kwa heshima, kila nikiinama, narudi hatua moja nyuma. Nikarudi, nikarudi, nikatoka kwenye njia, na tulipofika kwenye habari za mbuzi ardhi chini yangu ikalia. Ngoooo. Kama kengele ya kanisa iliyozikwa hai.

"Shuka juu ya ndizi zangu, fundi," alisema Bi Sabina, na makofi ya salamu hakuyaacha.

Nilikuwa nimesimama juu ya shimo lake la kuivishia ndizi. Kwa nyinyi msiolijua: linachimbwa shimo, linatandikwa majani ya mgomba, ndizi mbichi zinapangwa, unaingizwa moshi wa kinyesi kikavu cha ng'ombe, kisha linafunikwa na kufukiwa udongo juu. Baada ya siku chache ndizi zinatoka laini, tayari kukamuliwa. Wengi hufunika kwa miti na majani. Yeye alikuwa na bati chini ya ule udongo. Na mimi wakati ule nilikuwa na uzito wa gunia na nusu la maharage, lakini bati lile halikupinda hata kidogo. Bati gani hilo?

"Mama, hili bati unaliuza?"

"Hilo si bati. Ni kifuniko."

"Basi kifuniko unakiuza?"

"Nikiuza kifuniko, nitafunika na nini? Na wewe?"

Nikamwomba anifukulie pembe moja tu. Chini kulikuwa na masizi mazito kama kidole, meusi, yanang'aa, moshi na utomvu wa ndizi vilivyogandana miaka na miaka. Nikakwaruza kwa ukucha, kama nilivyofundishwa. Ikatokea buluu. Buluu ya kina, laini, ya baridi, kama ya vile vikombe vya zamani vya enameli. Nikakwaruza tena, ikatoka herufi nyeupe. Elimu ya jioni ikanipanda kichwani. Moyo ukaanza kugonga kwa nyundo ya mbao.

Hapa lazima niwarudishe nyuma kidogo, la sivyo hamtaelewa kwa nini moyo uligonga. Kule Kibondo, ng'ambo ya Malagarasi, kulikuwa na gereji ya malori ya misaada, na msimamizi wake alikuwa mzungu mmoja mnene tuliyemwita Bwana Klaas. Niliwahi kumtengenezea funeli. Ukuta wa nyumba yake ulijaa makopo ya kutu na vibao vya zamani vya matangazo, vya chai, vya betri, vya dawa ya mbu. Wafanyakazi wake waliamini amerogwa. Mimi nikamuuliza waziwazi, akacheka. "Kuna watu hukusanya stempu," akasema. "Mimi nakusanya matangazo ya zamani. Fundi, ukiona bati la enameli lenye maandishi, usilikate. Njoo kwangu kwanza." Nilikuwa nimekubali kwa adabu tu, kama unavyomkubalia mgonjwa. Sasa nilikuwa nimesimama juu ya ugonjwa wake.

Nikatazama nyumba ya Bi Sabina. Paa la nyasi lilikuwa limezama katikati kama mgongo wa punda mzee, na mwanga ulipita mahali ambapo haukualikwa.

"Mvua ya mwaka jana ulilala wapi, mama?"

"Nililala nimekaa. Sufuria kichwani, sufuria mapajani. Ukuta wa nyuma ulianguka. Mwaka huu ukianguka wa mbele, nitakuwa nimelala nje nikiwa ndani."

"Nikikupatia paa la bati, mabati mapya, nyumba nzima, utaniachia hiki kifuniko?"

"Nyumba nzima kwa bati moja. Fundi, umelewa ndizi ambazo hazijakamuliwa."

"Nitalisafisha, nitamuuzia mzungu mmoja wa Kibondo, na paa litakuwa juu kabla ya mvua za Oktoba. Mimi mwenyewe nitaezeka."

"Na kifuniko changu?"

"Nitakutengenezea kingine, mama. Hicho ni kitu kidogo."

"Kwako," alisema.

Likumbukeni hilo neno, mimi sikulikumbuka.

Halafu akakataa niliondoe siku ile. Ndizi zilikuwa shimoni, na ndizi, akasema, hazijui bango. Nikarudi Kasulu mikono mitupu, nikakaa nikiota buluu mpaka zilipoiva.

Kuhusu alikolipata: marehemu mumewe alikuwa amekwenda Kigoma kubomoa duka moja kuukuu, na mwisho wa kazi akapewa bati badala ya sehemu ya ujira. Akalibeba, akafika nyumbani, akalitia juu ya shimo uso chini siku hiyo hiyo, kwa sababu upande wa mgongo ndio uliokuwa na kutu na hakutaka kutu iguse ndizi. Bi Sabina hakuwahi kuuona uso wake. Na ule moshi uliokuwa ukiugandia kila mavuno ndio uliouhifadhi. Lingekuwa limetundikwa ukutani, jua na watoto wenye mawe wangelimaliza zamani.

Tukaja kwenye kusafisha. Shikeni hapa, hapa ndipo kazi.

Sisi tumelelewa kusugua sufuria kwa mchanga na majivu mpaka ujione. Nikachota mchanga, nikaanzia pembe moja kwa nguvu zote za ujana. Mzee Bukuru alikuwa akitafuna muhogo. Alikuja akanipiga kofi mkononi, akapangusa kwa kitambaa, akanionyesha. Mahali nilipopita palikuwa pamefifia, kama jicho lenye mtoto wa jicho. "Hii si rangi," akasema. "Ni kioo kilichochomwa juu ya chuma. Unasugua dirisha kwa mchanga wewe?" Ile pembe ipo hivyo hadi leo, popote lilipo.

Basi tukafanya kwa njia ya subira. Magunia yaliyolowekwa maji ya moto, tunayalaza juu yake, tunaondoka, tunakwenda kufanya masanduku. Tukirudi, masizi ya juu yamelainika. Tunayaondoa kwa kipande cha mwanzi kilichochongwa bapa, kamwe si chuma. Yale magumu ya chini, mafuta ya taa kidogo kwenye kitambaa cha pamba, kuzungusha, sio kukwangua. Mwisho sabuni na maji ya vuguvugu. Kutu kwenye matundu ya misumari tulipitisha ndimu, tukasuuza mara moja, maana ndimu ikikaa inakula hata isichoambiwa. Ilikuwa kazi ya majuma. Nawaambia masizi yaliyotoka pale yangetosha kutia weusi mbuzi wote wa Kasulu.

Na uso ukatoka. Anga la buluu, mwezi mpevu mweupe, na chini yake mwanamke wa kanga nyekundu ameinua shati jeupe, anacheka. Juu yake maandishi: SABUNI YA MWEZI MPEVU. Na chini: NGUO HUNG'AA HATA GIZANI. Tukacheka mpaka tukakaa chini. Tangazo la sabuni, na lenyewe halikuwahi kuoga tangu limefika Titye.

Siku ya soko Bi Sabina alikuja kuliona. Alisimama mbele ya yule mwanamke, mikono kiunoni. Mzee Bukuru akaanza kumwamkia, naye akamwinulia kiganja angoje.

"Kumbe," akasema hatimaye, "nimeishi na mke mwenza shimoni."

"Ni picha tu, mama," nikasema.

"Marehemu alikuwa anasema anakwenda kutazama ndizi. Kila jioni, kutazama ndizi." Akamsogelea yule mwanamke. "Na meno anayo yote. Haya, mpelekeni kwa mzungu wake. Lakini fundi, kifuniko changu?"

"Kipo njiani, mama."

Kumbe nacho kilikuwa njiani kweli, maana nilikitengeneza jioni ile, kwa makopo ya mafuta yaliyofunguliwa na kuunganishwa kwa mikunjo. Saa moja ya kazi. Kilimeta. Nilimkabidhi mtu wa baiskeli ampelekee, nikajisifu kwamba kifuniko kipya kinang'aa kuliko cha zamani.

Tulibakiza kupaka nta. Mzee Bukuru alikuwa akienda Gwarama kwenye harusi ya ndugu wa mkewe, na nta ya nyuki ya huko haina mpinzani. "Nitarudi nayo," akasema. "Mpaka hapo, msiguse."

Vijana, kuna neno gumu zaidi duniani kuliko "msiguse"?

Jirani yangu alikuwa Zabroni, mchoraji. Aliandika majina kwenye malori, alichora simba kwenye mabaa, na simba wake wote walifanana na mjomba wake. Akaja akaliangalia bango. Mwezi ulikuwa na makovu mawili, enameli iliporuka. Mkono wa mwanamke nao ulikuwa na kovu jeusi la kutu, hapa kwenye kifundo.

"Utamuuzia mzungu kitu kina vidonda?" akaniuliza. "Mgeni anapewa kiti kilichovunjika?"

Akanishika pabaya. Kwetu kitu cha kuuza kinafanywa kipya. Baiskeli ikiuzwa inapakwa rangi, mbuzi akiuzwa anaoshwa, hata bwana harusi ananyolewa. Nikatoa ruhusa. Zabroni alinunua rangi dukani, akaziba makovu ya mwezi. Akaona midomo imepauka, akaitia wekundu. Akafika kwenye kovu la kifundo cha mkono, akatafakari, akamchorea saa. Saa ya dhahabu, ya mkanda. "Mwanamke mwenye kung'arisha nguo hivi," akasema, "lazima awe na uwezo." Tukasimama nyuma, tukapeana mikono. Haki ya Mungu sikuwahi kuona kitu kizuri kama kile Kasulu.

Bwana Klaas nilikuwa nimempelekea ujumbe na dereva wa lori. Akafika kesho yake mchana, akiwa safarini kwenda Kigoma. Mawingu ya kwanza yalikuwa yameanza kujikusanya upande wa vilima vya Heru, na kila nikiyaona nilimwona Bi Sabina na sufuria kichwani. Nikavuta shuka lililotundikwa mbele ya bango kama mtu anayezindua sanamu.

Mzungu alitabasamu. Kisha akasogea. Kisha tabasamu likaondoka kama maji kwenye funeli.

"Nani amefanya hii?"

"Mimi, Bwana," alisema Zabroni. "Na hiyo saa sijaitoza."

Bwana Klaas alikaa juu ya sanduku la mwanafunzi. "Mtu anakuletea picha ya bibi yako," akasema polepole, kwa kile Kiswahili chake cha kupima, "na amemchora masharubu. Utamlipa?"

"Lakini ilikuwa na vidonda, Bwana."

"Nilitaka vidonda. Mimi sinunui rangi ya Kasulu, nanunua uzee."

"Uzee, Bwana, kwetu tunao bure," akasema Zabroni. Nikamkanyaga.

Akasimama. Alikasirika kidogo tu, alihuzunika zaidi, na huzuni ya mnunuzi ni mbaya kuliko hasira yake, maana mwenye hasira bado yupo dukani. Akasema, "Kesho narudi Kibondo, nitapita hapa. Kama rangi iko, sisimami."

Gari likaondoka. Nikabaki na mwanamke mwenye saa, na mjane asiye na paa.

Sasa tatizo ni hili, na mafundi mnalielewa. Kitakachoondoa rangi mpya, kama msasa au waya, kitaondoa na mng'ao wa zamani. Nilijua. Ile pembe ilikuwa inanitazama. Zabroni akasema tungoje ikauke vizuri halafu tuibandue. Nikagusa mwezi kwa kidole gumba, kwa kukata tamaa tu, na kidole kikarudi cheupe.

Nikagusa saa. Dhahabu kidoleni.

Tangu jana, jua la kiangazi, na rangi haijakauka. Nikanusa. Mafuta ya taa. Yule mwenye duka, kopo lake la rangi lilikuwa nusu rangi, nusu mafuta ya taa, na ndiyo maana simba wa Zabroni wote walikuwa wakishuka ukutani wakati wa joto. Miaka yote tulimlaani mwenye duka yule. Siku ile nilimwombea maisha marefu.

Tukaanza kazi. Kitambaa laini cha pamba, mafuta ya taa tone tu, unafuta kutoka ukingoni mwa kovu kuelekea ndani, kitambaa kikishika rangi unakitupa, unachukua kingine. Ukirudia kitambaa kichafu unaupaka mwezi wote maziwa. Tulimaliza mashati mawili ya kwangu na moja la Zabroni. Ilipofika zamu ya saa, alitaka aifute mwenyewe. Aliifuta polepole, kuanzia mkanda.

"Asubuhi nzima," alisema. "Niliweka hadi mshale wa sekunde."

"Pole, ndugu yangu."

"Ilikuwa inasoma saa nne na robo."

Mzee Bukuru alirudi asubuhi na bonge la nta limefungwa kwenye jani la mgomba. Akatukuta tunaosha kwa sabuni, tunanuka mafuta ya taa kama koroboi mbili za watu wazima. Akavinusa vitambaa, akavitazama vyekundu, vyeupe, vya dhahabu.

"Nilisema msiguse."

"Hatukugusa, mzee," alisema Zabroni. "Tulitumia brashi."

Mzee akatusukuma pembeni. Akayeyusha nta juani, akaipaka nyembamba kwa kiganja, makovu yote yakanywa, kutu ikatulia ikawa na rangi ya kahawa. Akapangusa kwa kitambaa kikavu mpaka yule mwanamke akawa anacheka kwa hiari yake.

Bwana Klaas alipopita, alisimama. Alitoa kioo chake cha kukuzia, akakitembeza juu ya lile bati inchi kwa inchi, akafika kwenye kifundo cha mkono, akakaa hapo muda ambao mimi ningeweza kutengeneza masanduku mawili. Kovu lilikuwa pale, jeusi, zee, halijavaa kitu.

"Sawa," akasema. "Unataka nini?"

Mtu mwingine angetaja fedha, ikabadilika njiani. Mimi nilikuwa nimelala na vipimo vya nyumba ile kichwani. Nikamtajia mabati, mbao za kenchi, misumari, na kofia ya juu ya paa, maana nyumba bila kofia ni padri bila kola. Alicheka, akabisha kidogo kuhusu mbao, nikambishia kuhusu uzee. Tukaenda naye dukani, akanunua kwa fedha yake, risiti mkononi. Nalisema hilo kwa sababu midomo ya watu ni mirefu, na kila bati jipya miaka ile lilisemwa limetoka kambini kwa wakimbizi. Mimi mwenyewe akanipa mkasi wa bati wa kwao. Ndio ule pale ukutani. Umekata nusu ya mkoa wa Kigoma na bado haujatiwa makali.

Tuliezeka mimi, Zabroni na vijana wa kanisani kwa Bi Sabina. Msumari wa mwisho wa kofia niliupiga upepo wa mvua umeshaanza kunivua shati, na matone ya kwanza yalitukuta tunashuka ngazi. Bi Sabina aliingia ndani, akakaa katikati ya nyumba, akasikiliza mvua ikipiga bati lake. Alikaa hivyo, mikono mapajani bila sufuria. Kwa kiburi nilichokuwa nacho nilirudi Kasulu sikuhisi kanyagio za baiskeli.

Kwa hiyo nyinyi mnaokuja kuniuliza siri ya biashara hii ya vitu vya kale, ambayo siku hizi naona mmeipenda, siri zangu ni chache. Usisugue kioo kwa mchanga. Usimvike saa mtu asiyekuomba saa. Kama hujui kama uzuri ni wa kitu au wa uzee wake, acha mikono mfukoni. Na kabla hujauliza bei ya kitu, uliza kwanza kinafanya kazi gani mahali ulipokikuta. Hiyo ya mwisho nilijifunza baadaye, na nitawaambia lini.

Ilikuwa mvua zimekolea, karibu na Krismasi. Nilipita Titye kwa shughuli zangu, mvua ikanishika, nikasema, nitakwenda wapi kama si kwenye paa langu? Bi Sabina akanipokea kwa mwidiwe na makofi, tukaulizana mpaka mbuzi. Akanikaribisha sebuleni, akanionyesha kiti.

Nikakaa. Tone likanianguka utosini. Kisha la pili.

Nikainua macho. Pale juu yangu palikuwa na pengo, upana wa bati moja, limezibwa kwa majani ya mgomba. Nyumba yote kavu. Chumba chake kikavu, jiko kavu. Pengo lilikuwa juu ya kiti kile tu.

"Mama, upepo umeng'oa bati?"

"Upepo gani? Nimeling'oa mimi." Alikuwa akimenya ndizi mbivu na kuzipanga kwenye sinia mbele yangu. "Kile kifuniko chako cha makopo niliweka udongo juu, kikaingia shimoni chote. Ndizi za pombe ya harusi mbili nilizitoa zimekuwa uji wa udongo. Nilimtuma mtu kwako."

Alitumwa kweli. Nilikuwa nimemjibu kwamba nitakuja, ni kitu kidogo.

"Zile ndizi ndizo zilizomsomesha binti yangu," akasema, "na ndizo zilizomzika baba yake. Paa linanifunika mimi. Kifuniko kinafunika kilicholeta vingine vyote. Basi nikatazama mabati yako, nikachagua moja."

"Kwa nini hili la hapa, mama? Juu ya kiti?"

Akanisogezea sinia.

"Mimi nalala chumbani, napikia jikoni. Hapo hakai mtu," alisema, "isipokuwa fundi akija kunitembelea. Kula, mwanangu. Zimeiva vizuri."